Viatu vya Saa Tatu na Nusu

Mwezi wa sita, hapa Ísafjörður,
usiku umebaki jina tu.
Jua huinama nyuma ya mlima
kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni,
na kabla hujapiga miayo limeshainuka.
Nawe una kila kitu, hata kucha,
ila jina bado. Babako na mimi
tunabishana polepole, hatuna haraka.
Kwa sasa tunakuita Binti,
na kwenye daftari nimeandika B.

B. kalala dakika arobaini.
B. kalala kumi na moja, kaamshwa na chafya yake mwenyewe.
B. hakulala.
B. hakulala.
Mimi nimelala nimesimama, kijiko mkononi.

Muuguzi Aldís alikuja Jumatatu na mizani yake,
akakupima wewe, mimi akanipima kwa macho.
"Mtoto hajui saa," akasema. "Anajua mfuatano.
Yaleyale kila siku, hili halafu lile,
kama vifungo vya koti: ruka kimoja tu,
koti zima linakwenda upande."

Basi nikafunga vifungo.
Asubuhi mapazia wazi, ujue mchana ni mchana.
Adhuhuri nakuzungushia sufu, nakutoa nje
ndani ya kigari, ukutani, upepo usikofika,
unalala baridini kama watoto wote wa mtaa huu,
nami dirishani, naosha kikombe kilekile mara tatu.
Alasiri usingizi mfupi, wa kuivisha viazi.
Jioni maji ya uvuguvugu, mafuta, ziwa,
kisha chumba nilichokiziba madirisha
kwa foili ya kuokea nyama.
Pini zangu ziliacha matundu,
matundu yakawa nyota.
Hatujaziona nyingine tangu Aprili.

Usiku wa tisa ukalala. Wa kumi pia.
Nikajisifu. Nikaandika kwa wino mwekundu.
Nikampigia mama simu: siri ni foili.

Ikaja Jumapili.
Babako hutengeneza taa ndani ya handaki la barabara.
Mchana analala, usiku anaingia mlimani,
mtu pekee mjini aliyebakiwa na giza.
Jumapili hiyo alikuwa na mapumziko, akabaki nasi.
Maji yaleyale, mafuta, ziwa, nyota za pini,
na macho yako mawili, makavu,
yanangoja kitu.
Saa nne. Saa tano. Saa sita na jua lake.
Nikalisoma daftari kutoka nyuma kuja mbele
mpaka nikaona, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
3:25, Ketill katoka. 3:31, B. kalala.
3:24, Ketill katoka. 3:30, B. kalala.
Wino mwekundu, na sikuona.

"Vaa viatu," nikamwambia.
"Vipi?"
"Vya kazini. Na koti. Toka, ufunge mlango
kama unavyoufunga siku zote, vibaya."

Akavaa. Kisigino, kisigino. Zipu.
Funguo zikamponyoka, kama ada yake.
Mlango ukajibamiza, kioo kikatetema,
nawe ukashusha pumzi ndefu
kama mtu aliyeletewa barua aliyoisubiri tangu jioni,
ukalala.

Nikachungulia kwenye nyota moja.
Amesimama kando ya kigari kitupu,
kofia ngumu kichwani, saa saba ya usiku mweupe,
anaogopa hata kukohoa.
Jirani yetu Ormur akapita na mbwa wake mzee.
"Kazini?"
"Kazini."
Mbwa akaketi kupumzika, Ormur naye akasimama.
Ikambidi babako aanze kutembea kuelekea handakini,
maana jirani alikuwa bado anamtazama.