Mtetemo wa Tatu

Kiti nilikitoa kwenye Škoda iliyogongwa.
Nikakipandisha ghorofa ya nne kwa mgongo, lifti mbovu,
Bi. Hedvika akichungulia mlangoni:
"Svatava, unahama au unahamiwa?"

Chini yake nimefunga vitetemeshi vinne,
kila kimoja kizito kama kopo la rangi:
viwili makalioni, kimoja mgongoni,
kimoja penye pedali.
Fimbo ya usukani ina mota mbili na mkanda wa cherehani;
ukiivuta, inavutana nawe,
ukizidi kukaidi, inacheza kama jino linalotaka kung'oka:
ndege inakwambia mabawa yameishiwa na upepo.
Mwenye akili hulegeza.
Mbishi huanguka, Ostrava nzima ikiwa imelala.

Usiku wa kwanza nilianguka mara sita.
Mzinga ulipolia, kikombe kilitembea chenyewe
hadi ukingoni mwa meza.
Nilikitazama, mikono yote miwili imo vitani,
kikajirusha.
Asubuhi kikaratasi mlangoni: *Dari langu lina moyo siku hizi?*
Nikakata mipira ya tenisi nusu nusu,
nikakikalisha kiti juu yake.
Vita vikaacha jengo, vikabaki mwilini mwangu.

Baba yangu, Vojmír, miaka ishirini na miwili
alikuwa fundi wa ndege za kivita
na hakupaa hata na moja.
Alizifungua, akazifunga, akazipangusa,
akasimama kando zikiwashwa.
Pamba za masikio zilikuwa za waoga.
Injini zikamla la kulia kwanza;
la kushoto likajikokota miaka kadhaa,
nalo likaisha.

Jumapili alikuja kula supu ya kabichi.
Akaona nyaya. Akauliza, kwa sauti kubwa kuliko chumba:
"Hii nini?"
Nikaandika nyuma ya bili ya gesi: KAA.

Skrini hakuitaka. Alifumba macho.
Mkono wa mafuta niliusukuma mimi, nimesimama pembeni kama nesi.
Kiti kikaguna.
Viganja vyake vikashuka, vikashika fremu kwa chini,
pale pale nilipoficha nati isiyokaza.
Akatulia.
Nilisubiri machozi, sifichi.
Nilikuwa nimeshayaandalia leso.

"Si hivyo," akasema.

"Moto wa nyuma umeuwasha kama taa ya choo.
Hauwaki hivyo.
Kwanza injini inavuta pumzi: nguvu inapungua, kidogo tu,
kama mtu aliyesahau jina lako.
Kisha teke.
Kisha mtetemo wa tatu, mwembamba,
unaoingilia kwenye meno. Huo hujauweka.
Huo ndio tuliokuwa tukiusikiliza.
Ukikosekana, rubani haondoki."

Supu ikapoa.
Mimi kwenye kompyuta, yeye kitini, kidole gumba chake
juu, chini, juu, chini kidogo,
"huo wa trekta,"
"huo wa friji ya mama yako,"
saa nne, saa tano,
nati ile ameshaikaza bila kuniuliza.
Mara akanyoosha kiganja kama anayesimamisha gari.

"Huyo."

Alisema *huyo*.
Hakusema *huo*.

Nikaandika: SASA RUKA.
Akausoma mwandiko wangu mara mbili,
akatikisa kichwa. "Mimi si rubani."
Akanyanyuka, goti likilia, akaniashiria niketi.
Akanifunga mkanda, akauvuta, akauvuta tena.
Akazunguka upande wa kushoto, penye ngazi isiyokuwepo,
akapiga mgongo wa kiti makofi mawili,
akarudi nyuma hatua saba, akizihesabu,
hadi mlango wa jiko ukamzuia.

Nikasukuma mafuta.

Akaziba masikio kwa vidole.