Nafasi ya Unywele

Februari, Fort Kent, kaskazini kabisa mwa Maine.
Mto umeganda, Kanada iko ng'ambo, umbali wa kutupa jiwe,
na mimi niliyeajiriwa kupika supu na kuhesabu vidonge
nimepiga magoti gerejini
mbele ya pikipiki ya mashambani, ya matairi matatu manene,
ya mwaka sabini na tisa.

"Unaitwa nani tena?"
"Tatu."
Nikamweleza maana. Mzee Adelard akahesabu matairi kwa kidole,
akacheka mpaka akakohoa:
"Basi mmekutana."

Mikono yake hutetemeka tangu viazi vya mwaka juzi.
Kijiko kinamwaga, kifungo kinamshinda,
lakini kila bolti anajua ilipo
kama mtu ajuavyo chumvi ilipo jikoni kwake, gizani.
Tukagawana: yeye akili, mimi vidole.

Panya walikuwa wamehamia kwenye chujio la hewa.
Pistoni imeng'ang'ania kutu kama mdaiwa.
Nikamimina dizeli na oili, nikangoja siku tisa.
Ya kumi, nikagonga kwa kipande cha mti.
Yeye alisema, polepole.
Mimi nikasikia: kama abishaye hodi ukweni.
Ikaitika.

Silinda ikaenda Presque Isle kuchongwa,
ikarudi imepanuka nusu milimita,
inang'aa ndani kama sufuria ya arusi.
Nikavisha ringi, moja, mbili, tatu,
midomo yake isielekee upande mmoja.
"Kama wambea," nikasema, "ukiwaketisha pamoja, siri inavuja."
Akataka kujua wambea ndio nani.
Nikamtajia majirani zake wawili.

Halafu kile kipete cha pini,
kidogo kuliko hereni ya mtoto mchanga,
kikaniponyoka.
Nilikuwa nimesahau kuziba kwa kitambaa.
Ting! Kimezama tumboni mwa injini.
Nikatukana kwa Kiha,
akajibu kwa Kifaransa chake cha bondeni,
tukaelewana kuliko siku zote.
Nilikivua kwa sumaku ya friji, ile ya kambakoche mwekundu,
nimeifunga uzi. Na kwenye uzi mimi niko nyumbani:
miaka kumi na moja nimeshona sare za shule pale Kasulu,
cherehani nimeifungua na kuifunga kwa macho ya usiku.

Cheni, alama ya duara itazame mkato wake.
Gasketi mpya, bolti kwa kukingama, kidogo kidogo.
Mwisho valvu.
Akanipa kibati chembamba kama ganda la kitunguu.
"Kipite, lakini kisite.
Chuma kikipata moto hutanuka.
Usipokiachia nafasi, kitajila."
Nafasi yenyewe, unywele mmoja.
Nikamfikiria binti yangu,
na simu ninazompigia mara nne kwa siku.
Sikusema kitu.
Nikalegeza robo ya mzunguko.

Rosealma, mkewe, alipanda hiki
kupeleka mikate kwa wavunaji, sketi ameikunja kiunoni.
Hilo alilisema mara moja tu, akiifuta tangi
mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Jumamosi nikavuta kamba.
Kimya. Nikavuta. Kikohozi.
Mara ya saba, au ya tisa,
moshi wa buluu ukajaa gereji, tukafungua mlango,
theluji ikaingia kututazama.
Ta-ta-ta-ta-ta.
Akaweka viganja vyote viwili juu ya usukani.
Usukani unatetemeka, mikono inatetemeka,
na hakuna, hata daktari wake wa Bangor,
ambaye angejua nani anamtetemesha nani.

Oili inadondoka kidogo upande wa kushoto.
Na kwenye kopo la kahawa imebaki bolti moja.
Sijamwambia.