Ekari Mbili za Chigongwe

Miaka tisa tulikuwa wageni wa kumbi za watu.
Ukumbi wa misheni, Mvumi: karibuni,
ila mkuu wa wilaya asitajwe humu ndani.
Darasa la tatu, Bahi: magoti yanagonga madawati ya watoto,
na saa kumi kamili mlinzi anatikisa funguo.
Gesti ya Kizota ndiyo iliyotumaliza.
Perusi alikuwa amesimama, anaeleza
bomba la kijiji chao lilivyohamia shambani kwa mtu mmoja,
umeme ukakatika. Chumba chetu tu.
Chumba cha pili redio iliendelea kuimba.

Gizani Yona Chilongani, mchemsha chumvi,
akavua kofia, akaizungusha.
Ilirudi na elfu kumi na nne na kitufe cha shati.
Kitufe nacho nilikiandika.

Mimi ndiye mweka hazina.
Daftari langu la kaunta linanuka karanga na mafuta ya taa.
Wakulima wa zabibu wa Hombolo: laki moja, baada ya mavuno.
Wanawake wa Mpwapwa: kuku watatu.
(Mmoja alifia njiani. Nimemwandika vilevile.)
Ndahani wa bodaboda: mia tano, mia tano, kila Jumamosi, kwa simu,
mpaka ule ujumbe wa muamala ukawa ndiyo salamu yake.
Damari, Februari: debe la uwele.
Damari, Machi: nusu debe.
Damari, Aprili: mstari mtupu.
Tulimzika Jumanne, upepo ukitusomea sala kabla ya mchungaji.

Muuzaji alitupima kwa macho kwanza.
"Mnataka kulima nini?"
"Maneno," akajibu Perusi.
Akacheka, akapandisha bei laki mbili:
"Zao hilo halingoji mvua."

Tukalipa.
Tukatembea mpaka kwa mpaka nyuma ya mpima na mashine yake,
miiba ikishika sketi za kina mama
kama wenyeji wasiotaka mgeni aondoke.
Vigingi vinne. Udongo mwekundu hadi kwenye kope.

Kisha mtendaji akageuza fomu:
Jina la mmiliki.
Mstari mmoja, mfupi kuliko kidole.
"Andikeni mmoja tu, tumalize. Mtaelewana wenyewe."
Kila mtu akamtazama mwenziwe
kama anayemkagua mwizi ambaye bado hajaiba.
Nami nikiri leo: kalamu ilikuwa mkononi mwangu,
na jina langu ni fupi,
lingeenea pale.

Tulirudi na fomu tupu.
Miezi mitano mingine: katiba ya kurasa sita,
wadhamini saba, picha za pasipoti,
njoo kesho, njoo Alhamisi, mwenye muhuri yuko safarini.
Yona alikwenda mjini mara kumi na moja kwa ajili ya wino wa duara.

Kikao cha kwanza kilikuwa Agosti.
Hapana ukumbi. Hapana paa.
Magunia chini, mafiga matatu, ugali wa uwele na mlenda,
na ile baridi ya asubuhi inayoingia hadi kwenye meno.
Nilidhani tutapiga makofi.
Nilikuwa hata na hotuba mfukoni.

Ndahani akasimama:
"Ajenda ya kwanza. Mweka hazina asome daftari.
Lote. Na huyo kuku."

Nilisoma mpaka jua likanihama bega.
Wakaniuliza mara mbili kuhusu elfu sita ya nauli ya Kongwa.
Nikakasirika. Nikatoka jasho. Nikajibu.
Nilipofika kwa Damari hakuna aliyeuliza,
mtu mmoja tu alikohoa.

Saa kumi ikafika, ikapita.
Masikio yetu yalisubiri funguo kwa mazoea.
Palikuwa na upepo tu, na kuni zinazopasuka.

Ndipo Perusi akainuka, akakung'uta udongo kwenye kanga,
akaanzia palepale umeme ulipomkatia Kizota:
"Basi, kama nilivyokuwa nikisema, hilo bomba…"