Chungu cha Sukari

Mbele ya benki, Barabara ya Kinu,
chungu cha chuma kimepandwa maua.
Mtoto wa miaka saba angelala humo akajinyoosha.
Watalii hukipiga picha, aiskrimu ikiwadondokea vidoleni.

Bi Lavinia Timmons, ninayemwogesha Jumanne na Ijumaa,
hapiti upande ule.
Nikisukuma kiti chake twavuka mapema, penye duka la chambo.
"Kinu kilimla bibi wa bibi yangu vidole vitatu,"
aliniambia mara moja, kisha akaomba chai.
Bila sukari.

Mji huu wa Georgia una kuta za kombe na chokaa;
siku ya kwanza nilizipapasa kama mtu aliyefika kwao.
Nyumba ya mnyapara hukodishwa kwa harusi.
Nyuma ya kituo cha mafuta muwa mmoja huchipua kila mwaka,
hakuna aupandaye.

Leo chungu weusi walikuwa wakipanda chungu.
Nikacheka peke yangu: neno moja,
chombo na mdudu,
na kile kinachobaki ulimini.
Nikamfasiria Bi Lavinia.
Hakucheka. "Laandikwaje?"
Nikaliandika nyuma ya risiti ya dawa.
Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.