Fomu Inauliza Ninakaa Wapi

Fomu inauliza: kitalu gani, kiwanja namba ngapi.
Nimeshika kalamu mpaka mkono umelowa.
Kwetu Mabatini
jiwe lilitangulia, nyumba ikafuata.
Fundi alipima kwa hatua zake, akakutana nalo,
akasema, basi, ukuta wa nyuma ni huu.
Ni ukuta tangu mwaka aliozaliwa mdogo wangu Sayi
na halijadai rangi hata siku moja.

Vijana wa kuandika namba za nyumba walipita mwaka ule.
Waliishia ngazi ya arobaini.
Sisi tuko ya themanini na mbili.

Miaka tisa nimeuza dagaa bila karatasi.
Kisado, nusu kisado, kikombe cha bati
chenye kitako kilichobonyea, na kila mteja anajua.
Mgambo wakitokea kona ya juu
turubai lilijikunja lenyewe,
nami nikawa mpita njia,
mpita njia anayenuka dagaa.
Mara mbili walimwaga. Mara ya pili mvua ilikuwa inanyesha,
nikawatazama wakiteremka na mtaro
kurudi ziwani kwao, bila hata kuaga.

Ndipo nikaenda semina.
Mwalimu akasema andikeni mpango,
miezi kumi na miwili, mapato huku, matumizi kule.
Mimi nilianza na mwezi wa angani.
Siku za giza taa zinashuka majini, dagaa wanajaa, bei inalala.
Mbalamwezi ikikomaa wavuvi wanalala, bei inaamka.
Nikachora miduara: mweusi, nusu, mweupe,
na chini ya kila mmoja magunia, lita za mafuta,
pilipili, vifuko, mkaa, ada ya Sayi.
Mwalimu aligeuza daftari juu chini.
Hii ni elimu ya nyota au biashara?
Kwa dagaa, mwalimu, ni kitu kimoja.
Akanyamaza. Kisha akaomba kuupiga picha ukurasa.

Jina la kwanza nililotaka lina mwenyewe.
La pili lina wenyewe watatu.
Kijana wa stesheneri, kidole juu ya kitufe,
elfu tano yangu tayari mfukoni mwake,
akauliza bila kuinua macho: mama, la tatu?
Andika Jiwe la Nyuma.
Dagaa na jiwe, wapi na wapi?
Andika.
Likapita.

Shemeji Bwire alishauri niweke jina lake kwenye umiliki,
eti benki wanamheshimu mwenye ndevu.
Nilimkaribisha chai.
Kule kwenye kodi nilitoka na tarakimu tisa,
nikazitamka njia nzima
kama mtoto aliyetumwa dukani.

Bwana afya alikuja kukagua jiko.
Alipofika ngazi ya juu hakuwa na pumzi ya kukataa,
akanywa maji kwanza, akapata pumzi, akakataa.
Dirisha moja halitoshi. Huku nyuma hapatoboleki?
Tukalitazama jiwe, mimi na yeye, kwa muda.
Akaandika: dirisha la pili, upande wa mashariki.

Limebaki hili la kiwanja.
Mtendaji wetu, Bi Nyanjige, alisoma fomu mara mbili,
akavuta karatasi safi, akaandika kwa mkono:
Nkwimba Masunga namfahamu, makazi yake yapo,
anayemtaka apande hadi njia iishie.
Akalowesha muhuri, akaugonga
mpaka meza ikaruka.

Leseni imetoka Alhamisi.
Sheria inataka itundikwe ukutani, mahali pa kuonekana,
na ukuta unaoonekana kwetu ni ule mmoja.
Msumari wa kwanza umepinda.
Wa pili umepinda.
Nimeiegemeza.