Uzi wa Finjani

Jumamosi, Jumatatu, Jumatano:
masaa manne mkono kwenye mashine,
ile ya pembeni, yenye karatasi nyekundu,
kwa kuwa damu yangu ina mgeni.
Mgeni siku mbili, wasema.
Huyu homa ya ini ana mwaka wa kumi na moja
na jembe hataki kulishika.

Ibra tende zimeiva. Majirani wanaleta sahani,
nami nazila kwa macho;
figo zilizokufa haziwezi tende.
Maji, finjani sita kwa siku,
na finjani yangu imefungwa uzi,
isije ikachanganyika na za watu.

Daktari alisema haiambukizi kwa finjani.
Alisema mara mbili, ya pili polepole.
Uzi ukabaki.

Hadi alipokuja dada yangu Shinuna kutoka Sur,
hajavua hata buibui,
akamimina kahawa humo humo, akanywa,
uzi akaukata kwa meno.
"Figo ninazo mbili," akasema. "Wewe unazo ngapi?"

Wakabishana madaktari: ini kwanza, au figo?
Figo, wakaamua. Vidonge vya ini baadaye, miezi mitatu.

Damu nzito kuliko maji, nimeisikia tangu utotoni.
Alfajiri ile Maskati niliufungua jicho
nikauona mfuko kando ya kitanda unajaa,
tone, tone, rangi ya chai nyepesi,
nikayalilia maji.

Simu ikaita. Wadi ya wanawake.
Sauti imekauka kwa dawa ya usingizi:
"Umekojoa?"