Sarafu za Lifti

Tulikuwa na lari arobaini, na jina.
Jina lilitugharimu wiki mbili na ugomvi mmoja:
dada yangu Tsisana alitaka la kigeni, linalong'aa,
mimi nikashikilia neno la kwetu la meno,
maana zipu ni meno
na kazi yetu ni kung'oa na kupandikiza.

Unatutumia koti kwa posta,
tunalirudisha linafungika. Basi. Hiyo ndiyo kampuni.
Ofisi: jiko la mama, Kutaisi, ghorofa ya saba,
juu ya lifti isiyopanda kabla haijalishwa sarafu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Nilikaa na kizuri changu siku kumi na moja
nikiikodolea macho simu kama birika lisilotaka kuchemka.
Hakikujiuza.
Kilipendwa mara saba: na shangazi wa Batumi,
na binamu watano,
na bwana mmoja anayependa kila kitu.

Tukanunua tangazo la lari ishirini.
Likasafiri! Lilifika mbali kuliko nilivyowahi kufika mimi.
Watu mia tisa wameliona, ulisema mtandao,
na nilipochungulia ni kina nani
mia sita walikuwa wa mji mmoja wa jangwani
ambako koti ni hadithi.
Nilisahau kuweka alama kwenye kisanduku kimoja.
Tsisana hakusema neno. Alimenya viazi tu,
kwa kelele.

Ishirini zilizobaki tukazichenji, sarafu tupu,
tukazitia kikombeni kando ya mlango, za lifti,
kwa ajili ya wateja ambao hawakuwepo.

Simu tukaiegemeza kwenye chupa ya mchuzi wa plamu.
Mama alikataa uso wake uonekane.
"Nina nywele za Jumatano," akasema,
kwa hiyo tulirekodi mikono:
mikono ya Lamara, miaka kumi na tisa kiwandani,
hadi kiwanda kilipokufa kikamwachia koleo.
Koleo, kipande cha mshumaa, kitelezi kinapanda,
meno yanaumana.
Hapakuwa na muziki. Nyuma mvua,
na jirani akimkaripia mbwa.

Mwanamke mmoja akauliza: yangu imekwama katikati, nifanyeje?
Nikaandika: Tuletee, lari nane.
Mama akasoma juu ya bega langu, akanizaba kikofi cha kisogo.
"Mwambie apake nta."
"Tukimwambia hatalipa."
"Na tusipomwambia atashinda na baridi kifuani.
Mwambie apake nta."

Nikamwambia. Akapaka. Ikapanda.
Akashukuru kwa herufi kubwa, kisha kimya,
na usiku nikalala nikizihesabu zile lari nane.

Jumatatu ya wiki ya tatu lifti ilikwama.
Ndani yake palikuwa na mtu, na magunia mawili,
na ndani ya magunia makoti sitini na mawili
ya watoto wa shule.
Kumbe alikuwa mwalimu. Hakusema, nami sikuuliza.
"Langu lilitaka nta tu," alisema kupitia upenyo wa mlango
huku Tsisana akishuka ngazi mbiombio na kikombe,
"ila haya yameng'oka meno yote."

Siku hizi wanaotazama mikono ni elfu nne na ushei.
Nasikia mgema akisifiwa tembo hulitia maji,
basi namvizia mama. Bado anakagua jino kwa jino,
na akikosea hufumua.

Jana akauliza: "Hao elfu nne, wanalipa kutazama?"
"Hapana."
"Na wakishatazama, wanaweza kutengeneza wenyewe?"
"Baadhi."
Akafikiri, uzi mdomoni.
"Wengi wataharibu zaidi," akasema.
"Andika anwani vizuri.
Na waambie waje na sarafu zao."